Bei Njoo Inboksi

Pitia kurasa za wauzaji wa Dar es Salaam au Nairobi mtandaoni na hutachelewa kukutana na maneno haya: "Bei njoo inboksi." Sofa imepigwa picha vizuri, kitambaa kimesifiwa, rangi zote zimetajwa, ila kile kilichomleta mnunuzi hakipo. Mwenye shida kweli ataandika ujumbe. Wengine wanasogeza kidole na kwenda kwa muuzaji wa pili. Yule wa kwanza hajui kwamba walipita, kwa hiyo hasara yake haionekani kwenye daftari lolote, na mwezi ujao anaandika vilevile.

Sababu za kuficha bei zinaeleweka. Muuzaji anaogopa duka la jirani litamshusha kwa elfu tano. Anataka kwanza asikie mteja anaongeaje, apime mfuko. Kariakoo, ambako winga naye anaweka chake juu ya bei ya duka, bei iliyoandikwa hadharani ingevuruga riziki za watu. Lakini ukizichunguza sababu hizi, zote ni hofu za muuzaji. Hofu ya mnunuzi, anayeogopa kupigwa au kununua kitu kisichomfaa, haimo hata kwenye moja.

Biashara yoyote inayotaka kuvuta wateja kwa maandishi ingeanzia kwenye hofu hiyo ya pili. Mfano ninaopenda kuwapa wafanyabiashara unatoka Virginia, Marekani, kwa kampuni ya mabwawa ya kuogelea iitwayo River Pools and Spas. Bwawa la kuogelea si kitu cha lazima, na uchumi wa Marekani ulipoporomoka mwaka 2008 ndicho kitu cha kwanza watu walichokifuta kwenye mipango yao. Wateja waliokwisha kulipa kianzio walirudi kudai fedha zao. Kampuni ilikuwa ikitumia dola 250,000 hivi kwa mwaka kwenye redio, televisheni na matangazo ya mtandaoni, na sasa fedha hizo hazikuwepo.

Mmoja wa wamiliki wake, Marcus Sheridan, alianza kukaa usiku akiandika majibu ya maswali aliyokuwa akiulizwa na wateja miaka yote. Swali la kwanza lilikuwa lile lile la kila siku: bwawa la faibaglasi linagharimu kiasi gani? Kampuni za mabwawa zilikuwa hazilijibu, kwa kisingizio tunachokijua hata huku: "inategemea." Sheridan naye aliandika kwamba inategemea, kisha akaeleza inategemea nini: ukubwa, udongo, sakafu ya pembeni, uzio, nani anachimba. Akaweka makisio ya chini na ya juu kwa kila hali. Mtu akiuliza bei kwenye Google, ukurasa uliokuwa na jibu ulikuwa wake.

Mwaka 2013 gazeti la New York Times liliandika habari zake. Kufikia wakati huo bajeti ya matangazo ilikuwa imeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi, na makala ile moja ya bei ilikuwa imefuatiliwa hadi kwenye mauzo ya angalau dola milioni 1.7. Hakuishia kwenye bei. Aliandika kasoro za mabwawa ya faibaglasi, ambayo ndiyo bidhaa yake mwenyewe. Aliandika hata orodha ya wajenzi bora wa mabwawa wa mji wa Richmond, akawataja washindani wake na kampuni yake asiiweke. Ukiisoma haraka unaweza kudhani ni ukichaa. Lakini anayetafuta mjenzi bora yupo karibu kununua, na sasa amefika kwa Sheridan, tena amemkuta mtu anayesema kweli hata isipomfaidi. Baadaye aliandika kitabu kuhusu njia hiyo, na leo anajulikana zaidi kama mshauri wa masoko.

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko intaneti, ila watu wa masoko wana tabia ya kuibatiza jina jipya kila baada ya miaka michache. Kampuni ya John Deere, watengenezaji wa plau, ilianza kuwapelekea wakulima jarida la The Furrow mwaka 1895, likiwafundisha kilimo bora. Ndugu wawili wa Michelin, watengenezaji wa tairi wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, walitoa kitabu cha mwongozo kwa madereva mwaka 1900, wakati magari ya Ufaransa nzima hayajafika 3,000. Kitabu kilionyesha petroli inauzwa wapi, fundi yuko wapi, hoteli ipi ina kitanda, na tairi hubadilishwaje. Kiligawiwa bure. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: gari likitembea, tairi zinakwisha.

Tulete jambo hili kwa mchimbaji wa visima, kazi inayofanana zaidi na ya Sheridan kuliko ya muuza sofa. Mteja wa kisima anaogopa sana, na ana haki. Anaweka fedha ardhini bila kujua chini kuna nini. Anauliza "kisima shilingi ngapi?" na anajibiwa "tukija saiti tutajua." Mchimbaji mwenye akili ataandika ukurasa unaoeleza kwamba gharama huanza na upimaji wa maji ardhini, kwamba uchimbaji huhesabiwa kwa mita, kwamba mwamba wa Dodoma au Mwanza si sawa na mchanga wa Pwani, kwamba bomba la plastiki na la chuma bei zake mbalimbali, kwamba pampu ya sola ni ghali mwanzoni, kwamba kuna kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde na mteja anapaswa kujua nani anakifuatilia. Halafu ataandika lile ambalo wenzake hawaligusi: maji yasipopatikana, au yakitoka ya chumvi kama inavyotokea ukanda wa pwani, nani anabeba hasara? Hata kama jibu lake ni "mteja," aliandike. Afadhali mteja alisome leo kuliko aligundue siku ambayo mashine imeshafika mita themanini.

Ukurasa wa namna hiyo pia humpunguzia mchimbaji simu zisizo na tija. Mwenye bajeti ndogo mno ataona mwenyewe kwamba bado, na anayepiga simu anakuwa ameshajua nusu ya mambo. Muuza mitumba wa mtaani hahitaji haya yote, kwa sababu mteja wa shati la elfu tatu hafanyi utafiti. Kadiri kitu kilivyo ghali na kinavyotia wasiwasi, ndivyo maandishi yanavyolipa: sola, paa, bima, ada za shule, vifaa vya hospitali.

Ukurasa huo uandikwe kwa Kiswahili. Kampuni nyingi za hapa hupokea simu za wateja kwa Kiswahili mchana kutwa, halafu tovuti zao zimejaa Kiingereza cha zabuni. Kwa Kiingereza, swali la bei ya kitu chochote limeshajibiwa na mamia ya kampuni, na Sheridan angeanza leo angepata taabu. Kwa Kiswahili maswali mengi ya ununuzi bado hayana jibu la kueleweka, na anayetangulia hapati ushindani mkubwa. Matunda hayatoki wiki ya kwanza. Mitambo ya utafutaji huchukua miezi kuuamini ukurasa mpya.

Majibu hayo yakae pia mahali ambapo ni pako. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Uganda iliifunga Facebook, na ikaendelea kufungwa kwa miaka. Wafanyabiashara ambao duka lao lote lilikuwa humo walibaki wakiwatafuta wateja kwa njia za kuzunguka. Tovuti yako mwenyewe, na orodha ya namba za wateja waliokubali kupokea ujumbe wako, haviondoki kwa namna hiyo. Nasema waliokubali, kwa sababu Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya mtu ni taarifa binafsi.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba bei hubadilika, na mteja atakuja na karatasi ya mwaka juzi kudai bei ile. Dawa yake ni tarehe. Juu ya makisio andika "bei za mwezi huu," taja mwezi na mwaka, na sema ni nini kikipanda kitaipandisha bei. Kwa mchimbaji, kitu hicho ni dizeli ya mashine, na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Siku hiyohiyo jioni afungue ukurasa wake, arekebishe namba, abadilishe tarehe.