“Ni Huyu!” Moyo Ukidunda, Unaweza Dhani Unamjua Msee Hujawahi Ona

Hebu cheki hii. Umeporwa simu jioni ukishuka mat pale stage ya Nakuru. Dakika kumi baadaye uko karibu na soko la Wakulima, moyo bado unadunda, na unaona chali amevuta kofia hadi machoni. Kitu ndani yako kinasema: huyu namjua. Ukipiga nduru “mwizi!”, unajua vile mtaa huitika. Hakuna mtu atakuuliza swali la pili.

Sasa jiulize: aliyekuambia ni yeye ni macho ama ni moyo?

Kuna njia mbili za kumtambua mtu. Ya kwanza ni kukumbuka kabisa: kovu kwa shavu, rangi ya jaketi, maneno aliyosema. Ya pili ni ile “nimewahi muona mahali” isiyo na maelezo. Hii ya pili huegemea pia mwili. Ukiona sura unayoijua, viganja vyako hutoa jasho kidogo sana. Wewe huhisi kitu, lakini mashine inapima. Shida ni kwamba mwili ukisisimka kwa sababu ingine kabisa, ubongo unaweza soma vibaya: “Kumbe namjua!”

Mwaka wa 2005 huko Marekani, Stephen Goldinger na Whitney Hansen waliwapa watu orodha ya kukumbuka. Wakati wa kuulizwa, kiti kilitetemeka kidogo mara moja moja, kiasi kwamba hawakugundua. Kikitetemeka, walisema zaidi “hii nimeiona”, hata kwa vitu ambavyo havikuwa kwa orodha.

Kinyume chake pia kipo. Mwaka wa 1923, daktari Mfaransa Joseph Capgras alieleza kuhusu mama aliyeamini familia yake imebadilishwa na watu wanaofanana nao. Baadaye wenye ugonjwa huo walipopimwa, sura za watu wao ziliwatambulika, lakini mwili haukushtuka. Bila ule mshtuko, hata mtu wako anakaa mgeni.

So hofu, hasira na mbio vinaweza kukuuzia “namjua” feki. Noma ni kwamba inafeel kama ukweli mtupu.

Mahakama zinajua hii hatari kitambo. Kwenye kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kuhusu kumfunga mtu kwa neno la shahidi mmoja aliyemtambua katika mazingira magumu. Ndio maana pia kwa gwaride la utambulisho, polisi wanafaa kumweka mshukiwa kati ya watu wasiopungua wanane wanaokaribiana naye kwa umri, urefu na muonekano. Umati hauna gwaride. Una mawe na tairi.

Ukiskia “ni huyu”, pumua kwanza. Jiulize: alivaa nini? Sauti yake ilikuwaje? Alitoroka akielekea wapi? Kama jibu lako lote ni “naskia tu ni yeye”, usipige nduru. Piga 999 ama enda kituo, useme tu kile uliona.

Simu utanunua ingine. Huyo chali wa kofia, mamake hatauziwa mwingine.