Moyo unaenda mbio, vipimo vinasema "uko sawa": nini kinaendelea?

Umelala zako, saa nane usiku. Ghafla moyo unaanza kudunda kama umekimbizwa na mbwa. Unakaa kitandani, unashika kifua, dakika kumi zinapita, kisha unatulia wenyewe. Asubuhi unaenda hospitali, unapimwa ECG, unaambiwa: "Moyo wako hauna shida. Punguza mawazo." Unarudi nyumbani na risiti mkononi, na wiki ijayo mambo ni yale yale.

Je, daktari amekosea? Si lazima. Je, wewe unajitungia? Hapana. Hebu tupige hesabu kidogo.

ECG ya kawaida inarekodi umeme wa moyo kwa takriban sekunde 10. Siku nzima ina sekunde 86,400. Kwa hiyo kipimo kile kimeona sehemu moja tu kati ya 8,640 za siku yako. Ni kama kupiga picha moja ya barabara saa nne asubuhi, halafu kusema hapa hapapiti magari. ECG safi ina maana yake, kwa sababu baadhi ya hitilafu huacha alama hata moyo ukiwa umetulia. Lakini haiwezi kukuambia nini kilitokea saa nane usiku.

Umeme unatoka wapi?

Juu ya chumba cha kulia cha moyo kuna kikundi kidogo cha seli kinachotoa umeme wenyewe, kwa kawaida mara 60 hadi 100 kwa dakika ukiwa umepumzika. Umeme huo unashuka kwa njia maalumu na kuufanya moyo ujikamue. Moyo ukienda mbio, kuna mambo mawili tofauti yanayoweza kuwa yametokea.

La kwanza: kituo ni kizima, ila kimeamriwa kiongeze kasi. Anayeamuru anaweza kuwa homa, upungufu wa damu, upungufu wa maji mwilini, homoni nyingi za tezi ya thairoidi, ujauzito, kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, baadhi ya dawa za pumu, au hofu. Hapa mara nyingi mapigo hupanda polepole na kushuka polepole.

La pili: umeme wenyewe umepotea njia. Kuna watu waliozaliwa na njia ya ziada, na umeme ukiingia humo unazunguka kama pikipiki kwenye mzunguko isiyopata pa kutokea. Mapigo yanaruka ghafla hadi 150 au zaidi, kisha yanakatika ghafla, kama taa iliyozimwa. Wengine wana vipigo vya ziada: moyo unapiga mapema, unasubiri kidogo, chumba kinajaa damu kuliko kawaida, halafu kipigo kinachofuata kinakuja kwa kishindo. Ndiyo ile hisia ya "moyo umeruka". Kwa wengi wenye moyo mzima, hiyo haina hatari.

Nyingine zinahitaji tiba haraka. Vyumba vya juu vikitetema ovyo, mapigo hayana mpangilio wowote, damu inaweza kuganda ndani na kusababisha kiharusi. Kwetu Afrika Mashariki tatizo hili huwapata hata vijana ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, ile inayoanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Ndiyo maana ultrasaundi ya moyo ni muhimu.

Kumkamata mwizi kazini

Mmarekani Norman Holter aliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1949 alitengeneza kifaa cha kurekodi moyo wa mtu akiwa anatembea. Kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa kama kilo 38, karibu sawa na ndoo mbili za maji za lita 20! Leo kifaa chenye jina lake kinakaa mkononi, unakivaa saa 24 au zaidi na kuendelea na shughuli zako.

Kama huwezi kukipata, bado una la kufanya:

- Tukio likianza, hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Andika namba, saa, na ulichokuwa unafanya.
- Gonga mezani mdundo ulivyokuwa, mbele ya daktari. Usione aibu. Mdundo uliopangika na uliovurugika ni habari mbili tofauti.
- Sema kama lilianza na kuisha ghafla au polepole.
- Likidumu, nenda kituo cha karibu wakati bado linaendelea, uombe ECG papo hapo. Tunza karatasi yake.
- Uliza kama umepimwa wingi wa damu na homoni za thairoidi.

Ila usisubiri daftari lijae kama unazimia, kifua kinauma, unakosa pumzi, moyo unaenda mbio ukiwa katikati ya mazoezi, au kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Hapo nenda hospitali leo.

Na wasiwasi je? Wasiwasi kweli huongeza mapigo. Lakini moyo unaopiga 180 bila sababu nao humtia mtu wasiwasi. Kipi kilitangulia? Swali hilo linajibiwa na rekodi ya tukio lenyewe, si na sekunde 10 za asubuhi iliyofuata.