Panki kabla jua halijazama: muziki wa laivu na lafudhi yetu, Butembo na Beni

Roki na panki si muziki wa kwetu. Ukipita katikati ya Butembo alasiri utasikia rumba na ndombolo za Kinshasa, Bongo Fleva ya Dar es Salaam, nyimbo za injili kutoka kila upande, na rap ya vijana wa mtaa. Gita lenye sauti ya kukwaruza hutalisikia. Ndiyo maana wenzangu kitivoni huniuliza ninatafuta nini huko. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, panki imenifundisha kuuthamini muziki unaopigwa mbele ya watu. Pili, imenionyesha jambo kuhusu lafudhi ambalo linatuhusu sana sisi wanafunzi wa lugha. Katika makala hii nitaeleza yote mawili, nikianza na panki yenyewe kwa wasioijua.

Panki ni nini hasa

Roki ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1950, na mizizi yake imo katika muziki wa Wamarekani weusi. Kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imenenepa: viwanja vikubwa, vyombo vya bei ghali, nyimbo ndefu zilizohitaji ufundi wa miaka mingi. Panki ilikuja kuipunguza. Kundi la Ramones lilianza New York mwaka 1974 na nyimbo za dakika mbili hivi, zilizopigwa kwa kasi na kwa mikao michache ya vidole kwenye gita. London, Sex Pistols walipanda jukwaani mara ya kwanza Novemba 1975. Wazo lilikuwa jepesi: usisubiri kuwa fundi ndipo uimbe. Imba sasa, na ufundi utakufuata njiani.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Manchester. Tarehe 4 Juni 1976 Sex Pistols walipiga katika ukumbi mdogo wa mji huo. Waliohudhuria walikuwa makumi tu. Vijana wawili walioliandaa onyesho hilo, Howard Devoto na Pete Shelley, walikuwa na kundi lao changa, Buzzcocks, na wiki chache baadaye nalo likapanda jukwaa hilohilo. Wengine waliokuwa ukumbini siku ile walikuja kuwa nguzo za Joy Division, The Fall na The Smiths. Mwishoni mwa 1976 Buzzcocks walikopa fedha na kurekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakatoa nakala 1,000 na kuziuza wenyewe bila kuitegemea kampuni yoyote ya London.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu kinaeleza kazi ya onyesho la laivu. Sahani ya muziki ingewafundisha wale vijana wimbo. Onyesho liliwafundisha kwamba wimbo hutengenezwa na watu kama wao, wenye mikono inayotetemeka na nyuzi zinazokatika. Aliyeona hivyo alirudi nyumbani akiwa na swali moja: kwa nini nami nisijaribu?

Laivu na plebeki

Huku kwetu, maonyesho mengi ya wasanii chipukizi hufanyika kwa plebeki. Msanii hupanda jukwaani, mtu wa sono huweka wimbo uliokwisha kurekodiwa, sauti na vyote, na msanii huchezesha midomo au huimba juu ya sauti yake mwenyewe. Sitaki kuwakejeli wanaofanya hivyo. Plebeki ina sababu zake, na za kwanza ni za fedha. Bendi kamili inataka gita, besi, kinanda, dramu, maikrofoni kadhaa, bafle zenye nguvu, na watu watano au sita wenye muda wa kufanya mazoezi. Plebeki inataka simu moja na waya.

Sababu nyingine ni umeme. Butembo ilikua hadi kuwa mji wa mamia ya maelfu ya watu bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Kwa miaka mingi mwangaza wetu ulikuwa wa jenereta za watu binafsi. Mtu anayeandaa onyesho hupiga hesabu ya mafuta kabla ya hesabu ya wasanii. Jenereta ikikohoa katikati ya wimbo, gita hunyamaza na maikrofoni hufa. Mwenye plebeki hana la kufanya wimbo wake ukizimika. Lakini nimeona zaidi ya mara moja, pale walipokuwa watu wanaopiga kweli, dramu ikiendelea peke yake gizani, watu wakipiga makofi na kuimba kiitikio mpaka umeme ukarudi. Dakika hizo mbili huwa ndizo zinazosimuliwa wiki nzima.

Huo ndio upungufu wa plebeki: haimpi msikilizaji kazi yoyote. Wimbo umekwisha kukamilika kabla hajafika. Katika laivu, hadhira hubadilisha wimbo. Ikiitikia kwa nguvu, mwimbaji hurudia ubeti, ikinyamaza, hufupisha. Anayejua ngano za bibi zetu anaujua mtindo huu, maana msimuliaji naye husubiri itikio ndipo aendelee.

Tusisahau pia mahali ambapo laivu haikufa kamwe: kanisani. Wapiga gita na dramu wengi ninaowafahamu Butembo na Beni walijifunza katika kwaya, kwa vyombo vya kanisa, Jumamosi mchana wakati wa mazoezi. Wakitaka kupiga kitu kingine, ufundi wanao tayari. Kinachokosekana ni mahali, na saa.

Saa za mchana

Saa ni jambo zito. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limepita katika mauaji ya raia yasiyokoma. Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, iliyoanzia Mangina na kuja kuipiga Butembo vikali. Ilipotangazwa kwisha Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa katika majimbo yaliyoathirika. Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali ya dharura, na utawala ukakabidhiwa wanajeshi. Katika miaka hii yote amri za kutotembea usiku zimekuja na kuondoka na kurudi. Wakati wa Ebola kila mkusanyiko ulianza kwa kunawa maji ya klorini na kupimwa joto mlangoni, na wengi waliona afadhali kubaki nyumbani.

Matokeo yake ni kwamba onyesho la kwetu ni jambo la mchana. Huanza saa nane, katika ukumbi wa parokia au uwanja wa shule, na mtu wa mwisho hutaka awe amepata pikipiki kabla ya giza. Rafiki zangu walioko Nairobi hucheka wakisikia kwamba kwetu onyesho huanza saa ambayo kwao watu ndiyo kwanza wanakula chakula cha mchana. Huwa nawajibu kwa kuwapa mfano wa Zambia.

Katika miaka ya 1970 Zambia ilikuwa na roki yake, ambayo leo huitwa Zamrock. Kundi mashuhuri lilikuwa WITCH, likiongozwa na mwimbaji Emanuel Chanda, maarufu kama Jagari. Albamu yao ya kwanza, Introduction, ilitoka mwaka 1972. Vijana wa miji ya shaba walipiga magita ya kukwaruza na kuimba Kiingereza pamoja na lugha zao za nyumbani. Vita vya Rhodesia vilipovuka mpaka, zikaja amri za kutotoka usiku na za kuzima taa, na bendi zikalazimika kupiga mchana. Hali ya uchumi iliyoporomoka pamoja na bei ya shaba, na baadaye UKIMWI, viliua sehemu kubwa ya muziki ule. Lakini Jagari aliishi, kundi likahuishwa, na mwaka 2023 WITCH walitoa albamu mpya, Zango. Muziki wa mchana, uliopigwa kwa haraka chini ya saa ya askari, bado unasikilizwa nusu karne baadaye.

Siwezi kusema kwamba onyesho linazuia risasi. Halizuii. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo kila habari inawaambia watu watawanyike, saa tatu za kukaa pamoja na kupaza sauti moja si mchezo. Mtu hutoka pale akijua nani yu hai, nani amerudi kutoka kijijini, nani amehama.

Lafudhi

Sasa nifike kwenye jambo la kitivo chetu. Mwanaisimu wa Uingereza Peter Trudgill aliandika mwaka 1983 kuhusu matamshi ya waimbaji wa nchi yake. Alionyesha kwamba waimbaji wa Kiingereza walikuwa wakiiga matamshi ya Kimarekani, kwa sababu muziki huo ulitoka Marekani na heshima ilikuwa huko. Beatles wa mwanzo walitamka sauti ya r kwa mtindo wa Kimarekani mara nyingi kuliko Beatles wa mwishoni mwa miaka ya 1960. Panki ilipokuja, waimbaji wake walileta ndani ya nyimbo matamshi ya mitaa ya kusini mwa Uingereza, yale ambayo shule ziliyakemea. Kwa mara ya kwanza wasikilizaji wengi walisikia wimbo ukitamkwa kama wanavyotamka wao jikoni.

Tulinganishe na kwetu. Msanii wa Butembo ana milango minne. Lingala humfungulia Kinshasa. Kifaransa humfungulia radio na wafadhili. Wakati wa Ebola nyimbo nyingi za uhamasishaji zilitungwa kwa maagizo. Kiswahili cha Tanzania humfungulia soko la Afrika Mashariki. Kinande humfungulia mlango wa nyumbani. Kiswahili chetu wenyewe, kile cha "niko naimba", cha "bantu" na "bintu", hakimo katika hesabu. Msanii hukizungumza mpaka anaposhika maikrofoni, kisha hukivua kama kandambili mlangoni.

Sisemi tuache Kiswahili sanifu. Ninakiandika hapa na ninakipenda. Ninasema kwamba wimbo ni mahali pengine. Kule Nairobi kundi la panki Crystal Axis lina wimbo uitwao Leopold, unaomhusu mfalme yule wa Ubelgiji na unyama wake Kongo. Wakenya walichukua historia yetu wakaiimba kwa hasira, nami nikajiuliza sisi tungeiimbaje, na kwa maneno gani.

Lugha zetu zinafaa kwa kazi hiyo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Kwa hiyo umati unaweza kulivuta neno na kulipaza bila kujikwaa kwenye konsonanti, na mkazo hukaa vizuri juu ya pigo la dramu. Kinande ni kigumu zaidi, kwa sababu ni lugha ya toni. Ngessimo Mutaka, aliyechapisha mwaka 1994 utafiti mkubwa juu ya toni za Kinande, anatuonyesha mfumo ambao mtunzi hawezi kuupuuza: sauti ikipanda mahali ambapo toni inashuka, msikilizaji hupata tabu ya kuelewa. Lakini panki, inayosema na kupiga kelele kuliko kuimba, huliacha neno karibu na usemi wa kawaida. Pengine ndiyo njia nyepesi ya kuweka Kinande juu ya gita. Hili lingefaa kuwa mada ya tasnifu ya mtu.

Na vyombo? Kinshasa imekwisha kujibu. Konono N°1 ya Mingiedi Mawangu iliunganisha likembe na vikuza sauti vilivyotengenezwa kwa vipuri vya magari, na ile sauti ya kukwaruza ambayo wengine huinunua dukani ikajitokeza yenyewe. Fulu Miziki, ambao jina lao ni muziki wa takataka, hutengeneza vyombo vyao kwa mabomba, makopo na vyuma vilivyotupwa. Huo ndio moyo wa panki, hata kama hakuna gita.

Tunachoweza kufanya

Kitivo kina ukumbi, kina kinanda, na kina wanafunzi wanaotoka kwaya tatu au nne. Ninapendekeza mchana mmoja kila muhula, saa nane hadi saa kumi na moja, wenye sharti mbili tu: hakuna plebeki, na kila kundi liimbe angalau wimbo mmoja mpya kwa lugha inayozungumzwa nyumbani kwake. Umeme ukikatika, tuendelee na ngoma na makofi. Wanafunzi wa isimu warekodi na kunukuu maneno. Wa fasihi wayajadili wiki inayofuata. Hatuhitaji kuwa wengi. Makumi ya watu yanatosha, ilimradi wawili watatu warudi nyumbani wakiwa na lile swali la Manchester.