Barua za Kutisha Kuhusu Usalama wa Tovuti: Kamati Ifanye Nini?



Katika miaka ya karibuni sharika kadhaa, pamoja na shule na zahanati zetu, zimefungua tovuti zao. Ni jambo la kushukuru, kwani mhisani aliye mbali anaweza kuona kisima kilichochimbwa au darasa lililoezekwa bila kungoja taarifa ya mwaka. Lakini pamoja na tovuti hizo zimekuja barua pepe zinazowanyima usingizi watunza hazina wetu. Huandikwa kwa herufi nyekundu. Husema tovuti iko hatarini, zimebaki saa 48, na dawa ni kununua kifurushi cha ulinzi kutoka kwa kampuni ileile inayohifadhi tovuti hiyo. Ofisi ya miradi imeulizwa mara nyingi kama fedha hizo zilipwe.

Tuchukue mfano wa usharika mmoja. Tovuti yake inagharimu dola 60 kwa mwaka, fedha inayotoka katika bajeti ya mradi wa watoto yatima. Barua ilidai dola 240 zaidi. Kwa mradi ule, hizo ni sare na madaftari ya watoto kadhaa. Mtunza hazina alikuwa tayari kulipa kabla kamati haijakaa, kwa kuwa aliambiwa tovuti itafungwa. Mwenyekiti alimwomba asubiri, akaiandikia kampuni swali moja tu: ni faili gani limeambukizwa, na liligunduliwa tarehe ngapi? Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Hakukuwa na faili lolote lililoambukizwa. Kilichoonekana ni kwamba programu ndogo ya kuonyesha picha ndani ya WordPress ilikuwa ya zamani. Kijana mmoja wa kwaya aliisasisha jioni ileile bila gharama yoyote.

Swali lile ndilo tunalopendekeza kwa kamati zote. Ukaguzi wa kweli huacha ushahidi: jina la faili, folda lilipo, na tarehe. Barua isiyoweza kutaja hayo ni tangazo la biashara, hata kama imevaa sauti ya daktari. Na barua inayoweza kuyataja ishughulikiwe haraka, maana hatari ya kweli nayo ipo.

Ikumbukwe kuwa kampuni hizi si lazima ziwe za kitapeli. Ushindani umeshusha sana bei ya kuhifadhi tovuti, hasa kwa mwaka wa kwanza, na faida hutafutwa katika nyongeza na katika bei ya kuhuisha mkataba. Ndiyo maana unapolipia unakuta visanduku vimekwisha kuwekwa alama ya kukubali, au huduma inatolewa bure mwezi mmoja, kisha inakatwa kwenye kadi kila mwaka pasipo mtu kuulizwa. Mtunza hazina asome ankara mstari kwa mstari, kama anavyosoma ya fundi.

Nyongeza inayouzwa kwa hofu kuliko zote ni cheti cha usalama, kile kinachofanya anuani ya tovuti ianze na https. Hofu hiyo ina chanzo. Mwezi Julai 2018 kivinjari cha Chrome kilianza kuandika kwamba tovuti zisizo na cheti hicho si salama, na wengi wakadhani tovuti zao zimevamiwa. Kazi ya cheti ni kuficha mawasiliano yanayosafiri kati ya simu ya msomaji na sava, ili mtu wa katikati asiyasome. Ni kitu cha lazima. Lakini tangu mwishoni mwa 2015 shirika lisilo la kibiashara liitwalo Let's Encrypt limekuwa likivitoa bure kwa yeyote, na kampuni nyingi huviweka na kuvihuisha zenyewe. Kwenye jopo la cPanel huduma ya namna hiyo huitwa AutoSSL. Cheti cha kulipia hakifichi mawasiliano zaidi ya kile cha bure. Tena hakuna cheti, cha bure wala cha fedha, kinachomzuia mwizi aliyekwisha kupata neno la siri la msimamizi. Yule anayewaambia kwamba cheti cha dola 100 kitazuia wavamizi anawauzia bahasha nzuri akisema ni kufuli.

Nyongeza nyingine ni kuficha jina na simu ya mwenye anuani ya tovuti. Tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika Mei 2018, kampuni nyingi huzificha taarifa hizo bila malipo. Ulizeni kwanza.

Ni vyema pia kujua nani anahusika na nini. Tovuti zetu nyingi ni kama chumba cha kupanga katika nyumba yenye wapangaji wengi. Mwenye nyumba anahusika na paa, ukuta na geti, yaani sava yenyewe, na kazi hiyo imo ndani ya kodi tunayolipa. Mpangaji anahusika na mlango wake na watu aliowapa funguo. Kampuni ikitaka malipo ya pekee kwa ajili ya geti, kamati iombe maelezo kwa maandishi. Hata kampuni kubwa hazina budi kuulizwa. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliituhumu GoDaddy, moja ya kampuni kubwa za kazi hii duniani, kwamba haikulinda sava zake ipasavyo huku ikiwaeleza wateja kwamba ulinzi wake ni wa kutosha.

Zipo pia barua zisizotoka kabisa kwa kampuni yenu. Hufanana na ankara, hutaja anuani ya tovuti yenu kwa usahihi, na hudai kwamba muda wake unakwisha. Mchezo huu ni wa siku nyingi: mwaka 2003 FTC hiyohiyo iliishitaki Domain Registry of America kwa barua za namna hiyo zilizowafanya watu wahamishe anuani zao bila kujua. Kwa anuani za .org na .com, kampuni mliyojisajili kwake inatakiwa kuwakumbusha yapata mwezi mmoja kabla, tena yapata wiki moja kabla ya muda kwisha. Hivyo basi, kamati inayojua jina la kampuni yake na tarehe ya kuhuisha haiwezi kuyumbishwa. Msibonyeze kiungo kilichomo ndani ya barua. Andikeni wenyewe anuani ya kampuni kwenye kivinjari, ingieni kwenye akaunti yenu, muone kama kuna deni.

Sasa, fedha na nguvu ziende wapi? Kwanza kwenye nakala ya tovuti nzima, itunzwe nje ya sava hiyo, kwenye diski iliyo katika kabati la ofisi, ichukuliwe kila mwezi. Tovuti yenye nakala nzuri inaweza kuvamiwa Jumatatu na kurudi hewani Jumatano. Kisha kusasisha WordPress na programu zake ndogo, na kufuta zisizotumika. Neno la siri la msimamizi lisijulikane na kwaya nzima, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, hasa kwenye barua pepe ya ofisi. Kwa maoni yangu barua pepe hiyo ina hatari kuliko tovuti yenyewe. Mwizi akiingia humo atawaandikia wahisani kwa jina letu kwamba akaunti ya benki imebadilika. Ndugu wahisani, mkipokea ujumbe wa namna hiyo msitume chochote kabla ya kupiga simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyo kwenye ujumbe.

Usharika usio na mtu wa kufanya kazi hizi una haki ya kumlipa fundi, au hata kununua kifurushi cha kampuni, iwapo kamati imeelezwa kinafanya nini na bei ya mwaka wa pili ni ipi. Mkiona hamridhiki, mnaweza kuhama. Kwa anuani za .org na .com, kampuni ya zamani inatakiwa kutoa namba ya siri ya kuhamishia ndani ya siku tano baada ya kuombwa.

Hapo ndipo tunapokutana na tatizo la baadhi ya sharika: anuani imesajiliwa kwa jina na barua pepe ya kijana aliyejitolea zamani, naye amekwisha kuhamia mji mwingine. Tunaomba kila usharika wenye tovuti uangalie jambo hili kabla ya kikao cha bajeti, na kuleta ofisi ya miradi, kupitia kwa Mkuu wa Jimbo, jina la kampuni, tarehe ya kuhuisha, na jina la anayeonekana kuwa mmiliki. Barua zozote za vitisho mlizopokea ziambatanishwe, hata zile mlizokwisha kuzilipia.