Taa ya Upepo Baada ya Kubadili Magurudumu ya Lori



Msimu wa miwa ndio wakati ambapo lori la chama halipati mapumziko. Miwa iliyochomwa na kukatwa haina subira. Kila siku inayokaa shambani au njiani sukari yake hupungua, na mkulima ndiye abebaye hasara. Kwa sababu hiyo, lori likipata pancha kati ya Mikumi na Ruaha, dereva na utingo hufunga gurudumu la akiba na kuendelea na safari. Mbele kidogo taa ya upepo huwaka katika dashibodi na kukataa kuzimika. Wako wanaoibandika karatasi wasiione, na wako wanaokwenda kwa Katibu kuomba fedha za kifaa kipya. Njia zote mbili zaweza kukitia chama hasarani.

KIFAA CHENYEWE

Kihisi cha upepo, ambacho mafundi hukiita sensa, ni kifaa kidogo chenye betri. Kingine hufungwa ndani ya tairi, kwenye rimu au kwenye shina la vali. Kingine hukazwa nje, mahali pa kifuniko cha vali. Hupima upepo na joto, kisha hupeleka habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi kilichomo garini. Kila kihisi kina namba yake, na kipokezi hukumbuka kila namba iko katika gurudumu lipi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, malori yote mapya yanatakiwa kuwa na kifaa hiki tangu Julai 2024.

Magurudumu yakihamishwa, kipokezi hakina habari. Gurudumu la mbele likipelekwa nyuma, namba yake huenda nalo, lakini dashibodi huendelea kuonyesha mbele. Dereva hujaza upepo katika tairi zima na kuliacha lile lenye upungufu. Kwa hiyo taa yaweza kukosea mahali, na huku upungufu wenyewe ukawa wa kweli.

UTARATIBU WA KUFUATA

Kwanza, pima matairi yote kwa geji ya mkono yakiwa yamepoa, pamoja na tairi pacha la ndani ambalo wengi hulisahau. Linganisha na kiasi alichoagiza mtengenezaji kwa uzito wa mzigo. Tairi la paundi 100 huongeza takriban paundi 4 kwa kila nyuzi 10 za joto. Basi usipunguze upepo wa tairi lililotoka kusafiri. Tairi lililotembea likiwa chini ya asilimia 80 ya upepo wake lisijazwe papo hapo. Hapana budi fundi alivue na kulikagua ndani, kwani huenda limedhoofika kwa joto, na laweza kumpasukia anayelijaza.

Pili, matairi yakiwa sawa, liendeshe gari kwa muda wa robo saa hivi. Vihisi vingi hulala gari linaposimama na huamka linapotembea.

Tatu, hakikisha kama gurudumu la akiba lina kihisi. Kama halina, kipokezi kinangoja habari zisizokuja. Hapo hakuna kilichoharibika. Dereva aendelee kupima kwa mkono mpaka gurudumu lenye kihisi litakaporudishwa.

Nne, kifundishe kipokezi mahali papya. Mitambo mingine hujifunza yenyewe gari likitembea. Mingine hutaka namba ziingizwe, au kila kihisi kiamshwe kwa chombo maalumu cha fundi. Fuata kitabu cha gari.

Tano, kihisi kimoja kikibaki kimya, tafuta sababu kabla ya kununua kingine. Betri ya kihisi cha ndani kwa kawaida hudumu miaka 5 hadi 10, na mara nyingi haibadilishwi. Huenda upau wa fundi umekivunja wakati wa kuvua tairi, au gundi ya pancha imeziba tundu lake. Huenda pia fundi ametia tyubu na kuondoa kihisi cha vali. Kile cha nje kipakwe maji ya sabuni. Mapovu yakitoka, chenyewe ndicho kinachovujisha upepo.

KWA MAKATIBU

Kabla ya kuidhinisha ununuzi, ulizeni masafa ya redio. Vihisi vingi vya magari ya Japani na Marekani hutumia megahezi 315, na vya Ulaya 433. Kisicholingana na kipokezi hakitasikika kamwe. Katika daftari la gari iandikwe namba ya kila kihisi, gurudumu lake na tarehe ya kila badiliko. Fundi aambiwe kuwa ndani mna kihisi kabla hajashika upau.

Lori letu liendapo Morogoro kuchukua mbolea hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mahali pasipofaa mtu kushuka na jeki. Geji moja ya mkono ni ya bei ndogo kuliko tairi, wala hakuna bei ya dereva na utingo wake. Makatibu mnaombwa kuwasomea madereva maelezo haya kabla msimu haujaanza, na kuhakikisha kuwa kila lori lina geji iliyo nzima.