Mwananchi Awe na Sauti Kwenye Malipo

Katiba ya 2010 iliwapa Wakenya haki ya kushiriki katika maamuzi ya kaunti, lakini kikao cha kutoa maoni pekee hakimwajibishi kiongozi. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana (2013–2022), ilipiga hatua zaidi: wanakijiji walichagua kamati za miradi, na mkandarasi alihitaji idhini yao ndipo alipwe. Nguvu ya uwajibikaji imo humo.

Wapo wanaodai kuwa wanakijiji hawana utaalamu na watachelewesha kazi. Sawa, utaalamu wa kupima saruji aachiwe mhandisi. Lakini kisima kikikosa maji, mteka maji ndiye wa kwanza kujua. Iwe Makueni au Kitui, ambako ukame ni uleule, mamlaka ya wanakijiji kuidhinisha malipo yalindwe kwa sheria, yasitegemee hisani ya gavana yeyote.