Usinitumie Picha ya Widal

"Shikamoo daktari. Hayo ni majibu ya mama, naomba jina la dawa."

Meseji za namna hii naletewa WhatsApp karibu kila siku, kutoka huku kwetu Kilwa: Masoko, Kivinje, Nangurukuru, Somanga, na hata Songo Songo mtandao ukikaa sawa. Chini ya maneno kuna picha ya cheti. Imepigwa usiku, mwanga wa simu umefuta nusu ya maandishi na kidole gumba kimeziba tarehe. Kinachosomeka ni hiki tu: O 1:160, H 1:80. Umri wa mama haumo. Homa ilianza lini, haimo. Kama kuna dawa alishakunywa, haimo. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Ni taifodi daktari, kipimo kimeshasema. Sisi tunatafuta dawa tu."

Dawa kwa picha hiyo siandiki. Wapo waliokasirika, wapo waliorudia kunitumia picha ile ile wakidhani sikuiona. Basi sababu naieleza hapa, na anayetaka kuniuliza kesho aanze kwa kusoma makala hii.

Kipimo kinachoandikwa kwa namba hizo kinaitwa Widal, kwa jina la Fernand Widal, daktari Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani zile kinga ambazo mwili hutengeneza ukipambana na mdudu huyo au na jamaa zake. Shida yote inaanzia hapo. Kingamwili hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya mtu kupona. Aliyeugua mwaka jana anaweza kuwa nazo leo. Aliyechanjwa anaweza kuwa nazo. Aliyeharishwa na bakteria wengine wa ukoo huo huo wa salmonela anaweza kuwa nazo. Malaria nayo, kwa jinsi inavyouchachamaza mfumo wa kinga, inaweza kukifanya kipimo kisome "ndiyo". Sasa mtu wa pwani hii, aliyekunywa maji ya kisima tangu utotoni na kuugua malaria tangu hajajua kutembea, mnategemea kipimo hiki kimkute hana kitu?

Na kinavyofanywa ndiyo usiseme. Katika vituo vingi ni kigae cheupe, tone la majimaji ya damu, tone la kitendanishi, kijiti cha kuchanganyia. Kigae kinazungushwazungushwa, kisha mpimaji anaangalia kwa macho yake kama punje zimeganda. Akichelewa kusoma, tone linaanza kukauka na punje za uongo zinajitokeza. Akiharakisha, za kweli zinampita. Ile 1:160 mnayoiheshimu sana maana yake ni kwamba damu ikizimuliwa kiasi hicho, bado punje zinaonekana. Haisemi mgonjwa ana wadudu wangapi, wala haisemi taifodi imepanda au imeshuka. Ili namba hizo ziwe na maana ya kutegemewa, damu huchukuliwa mara mbili, ya pili siku 10 hadi 14 baada ya ile ya kwanza, na kiwango kiwe kimepanda angalau mara nne. Nani Kilwa anarudi siku ya 14 kupimwa Widal ya pili? Siku hiyo ama ameshapona na yuko shambani kwenye ufuta, ama yuko wodini.

Msidhani haya ni maneno ya vitabu vya Ulaya. Watafiti walikipima kipimo hiki hapa hapa nchini, kwa watoto waliolazwa hospitali ya Muheza mkoani Tanga, wakakilinganisha na kuotesha damu maabara, ambako mdudu mwenyewe huonekana akikua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Widal ikisema "hapana", iliaminika. Ikisema "ndiyo", ni karibu mtoto mmoja tu katika kila wanne aliyekuwa na taifodi kweli. Watatu waliobaki walikuwa wanaumwa kitu kingine. Na ile ilikuwa kazi ya utafiti, iliyofanywa kwa mirija na kwa uangalifu, siyo kigae cha haraka huku foleni imejaa mlangoni.

Kitu kingine gani? Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya utafiti uliowachunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Wenye malaria walikuwa kama mmoja katika kila kumi. Wenye taifodi hawakufika wanne katika kila mia. Kwetu Lindi malaria bado ni nyingi, kwa hiyo hesabu zinaweza kutofautiana, lakini jambo kubwa liko pale pale: homa nyingi si taifodi, na cheti cha Widal hakiwezi kukuambia ni ipi.

Aliye na shaka akumbuke Ruangwa, mkoani kwetu humu humu. Julai 2022 watu walianza kuugua homa, kuumwa kichwa, kuchoka sana na kutokwa damu puani. Waliripotiwa wagonjwa 20, na watatu kati yao walifariki. Wizara ya Afya ikatuma wataalamu, sampuli zikapimwa, ikabainika ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaobebwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Uligundulika kwa sababu wagonjwa walifika kituoni, wakaonekana, wakashikwa, damu yao ikapelekwa maabara inayojua inatafuta nini. Lau ndugu wa mmoja wao angenitumia picha ya Widal, nami nikamjibu kwa jina la kidonge, ningekuwa nimemchelewesha njiani mtu ambaye hakuwa na siku za kupoteza.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwa macho. Mtu akishameza vidonge vinne vya siprofloxasini vya dukani, tukija kuotesha damu yake mdudu haoti vizuri tena, na ugonjwa wa kweli unajificha. Dozi inaachwa nusu kwa kuwa homa imetulia, nyingine inatunzwa kabatini kwa ajili ya mtoto. Hivyo ndivyo bakteria wanavyozoea dawa. Kisha mtu huyo huyo analetewa matangazo kwenye simu, mizizi ya "taifodi sugu", unga wa "UTI sugu", namba ya kutumia pesa iko chini. Kilicho sugu mara nyingi ni ugonjwa ambao haujawahi kupimwa sawasawa.

Taifodi ipo, sikatai, na ni mbaya. Ikiachwa wiki mbili tatu inaweza kutoboa utumbo. Kwa sababu hiyo hasa haitakiwi kutibiwa kwa kubahatisha. Na lawama si za wagonjwa peke yao. Vipo vituo vinavyompima Widal kila aingiaye na homa kwa kuwa ni rahisi na inaingiza pesa, na wapo wenzangu wanaojibu picha kwa jina la dawa kabla hawajajua kama mgonjwa ni mjamzito. Hao nawaambia waziwazi kwamba wanakosea.

Simu yenyewe siigombi. Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kuonyesha ujumbe wa simu unavyoweza kuokoa watu. Mwaka 2009 hadi 2010 mradi wa SMS for Life ulijaribiwa katika wilaya tatu, Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kwenye vituo 129, kwa wiki 21. Kila Alhamisi simu ya mhudumu wa zahanati ililetewa ujumbe: una pakiti ngapi za dawa mseto ya malaria, za kila uzito, na kwinini ya sindano kiasi gani? Mhudumu alifungua kabati, akahesabu, akajibu bila kukatwa salio. Aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi. Jumatatu wakubwa wa wilaya walikuwa na orodha mkononi, wakaweza kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada kwenda kisicho nazo. Mwanzoni vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Mwishoni ni 26. Lindi Vijijini tatizo hilo lilikuwa limekwisha ifikapo wiki ya nane. Angalieni ujumbe ule ulibeba nini: idadi ya pakiti, ambayo mtu aliyesimama mbele ya kabati alikuwa na uwezo kamili wa kuijua.

Kenya nako, kati ya 2007 na 2009, wagonjwa walioanza dawa za kufubaza VVU waliandikiwa kila wiki neno moja, "Mambo?", wakatakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Walioandikiwa walishika dawa zao vizuri zaidi kuliko wasioandikiwa. Zanzibar ilijaribu kwa wajawazito, ikiwatumia meseji za kliniki na kuwapa vocha ya kumpigia mkunga, na waliojifungua mbele ya mtaalamu walikuwa 60 katika kila 100, dhidi ya 47 kwa wengine. Katika yote hayo hakuna aliyeandikiwa dawa ya homa kwa picha. Simu ilikumbusha, ilihesabu, iliita msaada.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Homa ikianza, nenda zahanati siku hiyo hiyo au kesho yake, upimwe malaria kwa kipimo cha haraka, usiombe Widal. Mtoto asiyenyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, usimwandikie mtu meseji, mbebe uende. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, nenda. Mtu mzima mwenye shingo ngumu, macho ya njano, damu puani au maneno yasiyoeleweka, nenda. Mjamzito mwenye homa yoyote, nenda.

Ukitaka kuniandikia kabla au baada ya hapo, niandikie umri, uzito kama ni mtoto, homa ina siku ngapi, mimba ipo au haipo, malaria ilipimwa lini na ikasema nini. Picha ninayoitaka ni ya pakiti ya dawa alizokwisha kunywa, pande zote mbili. Mwenye presha anitumie vipimo vyake vya wiki nzima, vyenye tarehe na saa. Aliyeshonwa amtumie picha ya kidonda yule aliyemshona. Cheti cha mtu, hasa cha VVU, kisiwekwe kwenye kundi la ukoo; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za afya, na hata isingekuwepo, ile ni siri ya mgonjwa.

Huna daktari wa kumwandikia? Piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bure. Kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, au kichanga wa chini ya siku 28, piga 115, namba ya m-mama, nayo bure, ili usafiri utafutwe. Mlioko Songo Songo na Kilwa Kisiwani, pigeni kabla ya kutafuta boti, msingoje mpaka mshuke Masoko, na mtaje mapema mtashukia wapi.